Somo: Kelele za Mashine na Masikio Yetu



Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mashine ikitikisika, hewa hutikisika, ikapiga kiwambo cha sikio. Vifupa vitatu hupeleka mtikisiko huo ndani, kwenye vinyweleo vidogo sana vinavyoupasha ubongo habari. Kelele kali huviua vinyweleo hivyo, wala havioti tena.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wengi huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8. Zikiongezeka 3 tu, nguvu ya kelele huwa maradufu. Saa ni 4 basi.

Tusipokuwa na kipimo, tujipime hivi: tukilazimika kupaza sauti ili mwenzetu aliye umbali wa mkono mmoja atusikie, kelele imezidi. Hapo tudai kwanza mashine zitengenezwe, kisha vizibo vya masikio. Uziwi huo hauna dawa.