Ordinatere ya depo haioni antena: kupika kiini kipya cha Linux

Mwezi huu tunaacha mahindi kidogo, lakini hatuendi mbali. Orodha ya mbolea ya msimu (nani anataka mifuko mingapi ya NPK, nani mingapi ya urea, nani iko na deni la mwaka jana) inakaa ndani ya ordinatere ya depo hapa Mulungwishi. Inapaswa kufika Likasi mbele ya mvua ya kwanza. Safari hii ilibaki kidogo tu ichelewe, sababu ya kadude kadogo kama kidole: antena ya wifi ya USB.

Ya zamani ilivunjika. Tukanunua mpya sokoni, tukaichomeka, hakuna kitu. Kwenye ordinatere ya jirani, yenye Windows, iliwaka mara moja. Basi antena haikuwa mbovu. Ordinatere yetu inatumia Linux, aina ya Debian 12, kwa kuwa ni ya bure na mashine yenyewe ni mzee.

Ndani ya Linux kuna programu moja ya katikati, ile iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Tuite kiini. Kiini ndicho kinachosema na vifaa, na kwa kila kifaa kinahitaji kiendeshi chake. Kifaa kikitengenezwa nyuma ya kiini, mara nyingi kiini hakikijui. Dawa ni kupata kiini kipya zaidi, na mtu anaweza kukitengeneza mwenyewe kutoka maandishi yake ya asili. Mafundi wanasema kukompaili. Sisi depo tunasema kupika.

Lakini usiwashe moto mbele ya kujua unapika nini. Andika amri mbili hizi:

uname -r
lsusb

Ya kwanza inaonyesha namba ya kiini. Yetu ilianza na 6.1. Ya pili inaonyesha vifaa vya USB, na ya antena ilikuwa 0bda:c811, maana yake chipu ya Realtek RTL8821CU. Kiendeshi chake kiliingia katika kiini 6.2, mwezi wa pili 2023. Tulikosa hatua moja tu! Kama ungeona 0bda:1a2b, hiyo ni hadithi ingine: antena inajifanya sahani ya CD, na inahitaji kwanza programu ya usb-modeswitch. Wewe ungepika usiku mzima bure.

Tuseme kweli pia: Debian iko na ghala linaloitwa backports, lenye viini vipya vilivyokwisha kupikwa. Sisi tulilijua nyuma ya kazi. Wewe anza huko. Kupika ni kwa yule asiyepata kiendeshi chake hata huko.

Tulichukua kiini 6.6 kwenye kernel.org, kwa simu ya sekretere iliyofungwa na kamba ya USB (simu hiyo inatembea naye mashambani, ndiyo maana haikutosha kuwa intaneti ya depo). Ukiwa ndani ya folda ya kiini:

cp /boot/config-$(uname -r) .config
make olddefconfig
make menuconfig
make -j2 bindeb-pkg

Mstari wa kwanza unachukua mapishi ya kiini cha zamani, ili kipya kisisahau vifaa vinavyotumika tayari. Katika menuconfig pita Device Drivers, Network device support, Wireless LAN, Realtek, kisha rtw88, na utie M mbele ya 8821CU. Zima na DEBUG_INFO, sababu inakula disko bila faida kwetu. Mstari wa mwisho ndio kupika. Kwa mashine ya zamani ni saa mingi, na acha nafasi ya gigabaiti 20 hivi.

Umeme ulikatika katikati. Tulifikiri kazi imekufa. Haikufa: ukirudisha amri ileile, inaendelea pale ilipofika. Ikilalamika juu ya fishie moja iliyokatika, futa hiyo fishie ya .o na uanze tena.

Kosa letu kubwa lilikuwa lingine. Mara ya kwanza tulitaka kufupisha saa, tukatumia make localmodconfig. Amri hii inabakiza tu viendeshi vya vifaa vinavyofanya kazi dakika ile. Tulikumbuka kutia antena kwa mkono, lakini mizani ya depo haikuwa imechomekwa. Kamba yake inatumia kiendeshi cha ch341, na hicho kikatupwa. Antena ikawaka, tukafurahi. Kesho yake wamama walifika na mifuko ya mahindi, mizani ikanyamaza.

Kilichotuokoa ni kwamba hatukufuta kiini cha zamani. Tulizima, tukawasha, kwenye karatasi ya GRUB tukachagua Advanced options for Debian, kisha 6.1, na mizani ikasoma. Watu walipimiwa siku ileile. Jioni tulipika upya, bila njia ya mkato, mizani ikiwa imechomekwa. Pakiti iliyotoka tuliiweka hivi:

sudo dpkg -i ../linux-image-6.6*.deb

Tukawasha tena. Antena ilionekana, mizani ilionekana, na orodha ya mbolea ikaenda. Kama ordinatere yenu ni ya sasa na inakataa kiini ulichopika, angalia Secure Boot: inakubali tu viini vyenye sahihi.

Kitu kimoja kinabaki mikononi mwetu. Kiini cha Debian kinapata marekebisho ya usalama pamoja na programu zingine. Kile tulichopika wenyewe hakipati, mpaka tukipike tena. Kwa hiyo tunataka kuhamia kiini cha backports mbele ya mavuno, na 6.1 itabaki pale kwenye GRUB. Koperative ingine yenye kifaa kisichoonekana itume kwa mjumbe wake karatasi yenye majibu ya zile amri mbili, uname -r na lsusb, na jina la kifaa. Tutaangalia pamoja.