SOMO: SODA IKIMWAGIKA KWENYE GIA YA GARI



Tuseme ni msimu wa maembe. Gari ya kikundi imepakiwa, inaelekea kiwanda cha matunda cha Kalamba. Dereva ameweka soda karibu na gia. Gari inaingia kwenye shimo, chupa inapinduka. Anapangusa juu juu, safari inaendelea. Kesho yake asubuhi gia imekwama kwenye P, haitoki. Maembe yanaendelea kuiva kwenye kreti, na jasho la wanachama linaoza. Sasa tufanyeje?

Kwa nini gia hukwama

Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na sukari gramu 30 hivi. Maji yakikauka, sukari hubaki kama gundi. Kwenye gari ya otomatiki, mkono wa gia una kifungo, springi, na kufuli ya umeme ambayo hufunguka ukiwasha swichi na kukanyaga breki. Gundi ikishika hapo, gia haisongi. Gari ya gia za kawaida haisumbui sana, kwa sababu mpira huzuia soda na giaboksi imefungwa huko chini.

Wengine hukimbilia kumwaga oili. Hayo ni makosa. Oili haiyeyushi sukari, tena inakusanya vumbi. Aliyewahi kuosha sufuria ya chai iliyokauka anajua dawa yake: maji ya moto.

Kwanza hakikisha

Mtu asimame nyuma ya gari, mwingine akanyage breki. Taa za breki zisipowaka, huenda shida ni fyuzi au swichi ya breki, wala si soda.

Hatua za kufuata

1. Weka gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Huku kwetu kuna miteremko. Gari ikitoka kwenye P bila mawe inaweza kuua mtu.

2. Zima gari, toa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri. Chini ya gia kuna nyaya, na kwenye magari mengi kuna pia kompyuta ya airbag. Hiyo usiiguse.

3. Fungua kifuniko cha gia kwa bisibisi, polepole. Skrubu ziweke kwenye bakuli.

4. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kikamue, kisha pangusa. Penye nafasi ndogo tumia mswaki mzee. Rudia mpaka pasinate tena. Usimwage maji!

5. Pangusa sehemu za umeme kwa spiriti kidogo ili maji yakauke. Spiriti hushika moto, kwa hivyo sigara iwe mbali.

6. Acha wazi juani saa kadhaa. Kisha paka grisi kidogo panaposuguana, lakini si kwenye swichi.

7. Rudisha kila kitu. Mawe yakiwa bado pale, kanyaga breki, ujaribu P, R, N na D. Gari iwake kwenye P au N pekee. Ikiwaka kwenye D, au gia ikiendelea kukwama, mwite fundi wa umeme wa magari. Usilazimishe kwa nguvu. Plastiki ikivunjika gharama itapanda.

Tena kumbuka: soda ikipanguswa vizuri kwa maji siku ile ile, kazi kubwa haitakuwepo.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Je, dereva akimwaga kitu, ataogopa kusema? Tufanye nini ili asifiche?
2. Gari ikilala siku tatu msimu wa maembe, tunapoteza shilingi ngapi?
3. Tuweke sheria gani kuhusu vinywaji ndani ya gari?

Mali ya kikundi ni amana tuliyopewa na Mungu kupitia majirani zetu. Tuitunze. Mbarikiwe.