Mnyama Safarini na Machinjioni: Fedha Zetu Zianzie Wapi?



Tunapozungumza na wafanyabiashara wa mifugo wa Kamembe na Bugarama, neno "mradi" huleta picha ya machinjio mapya yenye kuta za vigae. Sisi twaona kwamba mradi waweza kuanza na tuta la udongo ulioshindiliwa, kimo chake sawa na sakafu ya gari. Pasipo tuta, ng'ombe hupigwa na kusokotwa mkia ili apande. Wakati wa kushuka huruka akavunjika mguu. Nyama iliyovilia damu hukatwa na kutupwa, na hasara humwangukia aliyemnunua.

Iko hasara nyingine isiyoonekana kwa jicho. Misuli ya mnyama mtulivu huwa na akiba ya sukari, nayo baada ya kuchinjwa hugeuka asidi inayosaidia nyama kukaa. Aliyeshinda na kiu, akisimama siku nzima garini, akiba hiyo ameimaliza njiani. Nyama yake huwa nyeusi na kavu, nayo huoza upesi. Kwa hiyo birika la maji na kivuli cha kupumzikia si anasa. Nguruwe, asiyeweza kujipoza kwa jasho, asafirishwe alfajiri, hasa katika joto la bonde la Bugarama. Mbuzi naye asifungwe miguu na kuning'inizwa kwenye baiskeli. Tumbo humkandamiza mapafu.

Machinjioni, kisu kiwe kikali, wala kisinolewe mbele ya mnyama. Waislamu wamefundishwa hayo tangu zamani, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lina kanuni za usafirishaji na uchinjaji tangu 2005. Kwetu, Sheria Na. 68/2018 inamhesabu mtesa wanyama kuwa mkosaji.

Sasa tuseme wazi juu ya mto. Ng'ombe avushwaye Rusizi usiku bila kibali huogeleshwa kwa fimbo, na mshika kamba huhatarisha uhai wake. Tena Homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka nchini mwaka 2018 na 2022, humwambukiza binadamu kupitia damu ya mnyama mgonjwa. Anayechinja vichakani, mbali na daktari wa mifugo, huipeleka nyumbani mikononi mwake.

Fedha zipo karibu kuliko tunavyodhani: tangu 2009 kulianzishwa SACCO za Umurenge, na ushirika ulioandikishwa waweza kuomba mkopo huko kabla ya kungoja wafadhili wa mbali. Lakini kwanza hesabuni kwa mwezi mmoja wanyama waliofika wameumia na kilo zilizokatwa. Daftari hilo litamsadikisha mkopeshaji kuliko barua ndefu. Mkichagua mahali pa tuta, tushirikisheni, ili magari yasipakie mifugo katikati ya njia kuu.