Anemoni Awe wa Mwisho Kuingia Tangini

Umenunua tangi la kioo, umelijaza maji ya chumvi, taa inawaka, na sasa unamtaka anemoni: yule mnyama laini wa baharini anayejishikiza mwambani na kutandaza minyiri yake, yaani mikono ya kunasia chakula, huku samaki wadogo wenye mistari myeupe wakijificha ndani yake. Subiri kwanza. Anemoni wengi wanaofia majumbani huuawa na haraka ya mwenye tangi.

Tangi jipya lina ubaya gani? Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na makali sana. Bakteria hao huota polepole kwenye mawe na mchanga, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Nunua vipimo vya maji, vile vya kudondoshea dawa kwenye kichupa na kulinganisha rangi. Amonia na nitriti zikisoma 0, ingiza samaki mmoja au wawili. Anemoni bado. Lipe tangi miezi sita, na ukiweza kufikisha mwaka ni bora zaidi. Kungoja huku hakukugharimu kitu, na hakuna kifaa cha dukani kinachoweza kukufanyia kazi hiyo.

Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu haina madini mengi yaliyomo baharini. Tumia chumvi maalum ya akwaria, takriban gramu 35 kwa lita. Tangi la lita 200 humfaa anayeanza, maana maji mengi hayabadiliki ghafla. Litakula kilo 7 za chumvi mwanzoni, kisha gramu 700 kila wiki ukibadili dumu moja la lita 20. Piga hesabu hiyo kwa bei ya dukani kabla hujalipia tangi. Maji ya bomba yana klorini, na wakati mwingine shaba kidogo. Shaba humuua anemoni, kwa hiyo tumia maji yaliyochujwa, na dawa za samaki zenye shaba zisiingie tangini kabisa. Aliye pwani anaweza kuteka maji ya bahari, lakini ateke maji yakiwa yamejaa, mbali na mito na mifereji. Wakati wa masika aache, kwani mvua huyazimua na kuleta taka.

Maji yakipungua kwa joto, usiongeze ya chumvi. Kinachopotea ni maji matupu, chumvi yote hubaki, hivyo jazia maji safi yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku. Joto liwe nyuzi 25 hadi 27. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Machi utahangaika kupoza maji, si kuyapasha: feni ndogo ikipuliza juu yake hushusha nyuzi mbili tatu.

Taa ndiyo itakayokuuma mfukoni. Ndani ya mwili wa anemoni huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Taa ya kawaida ya samaki haitoshi. Tafuta ya kufugia matumbawe. Taa ya wati 150 ikiwaka saa 9 kwa siku hula kama yuniti 40 za umeme kwa mwezi, bado pampu.

Umchague yupi? Mweupe pe anapendeza, lakini amepoteza mwani wake na ana njaa. Wa manjano au waridi kali, shuku kwamba amepakwa rangi. Anayemvumilia mgeni wa kazi hii ni yule mwenye ncha za minyiri zilizovimba kama puto, kwa jina la kisayansi Entacmaea quadricolor. Hujigawa tangini, kwa hiyo uliza kama yupo aliyezaliwa hivyo. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Kipande cha kamba kikimgusa, minyiri hukinata, hujikunja mmoja baada ya mwingine na kukisogeza hadi mdomoni, pale katikati. Mdomo uliobaki wazi, umelegea, ni wa mgonjwa. Usiende kumng'oa mwambani mwenyewe: Malindi, Watamu, Kisite na Chumbe ni hifadhi, na ni marufuku.

Ukifika nyumbani, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 20, kisha mwongezee maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima. Ya dukani yamwage. Mweke penye ufa wa jiwe, uzime pampu mpaka ashike. Anemoni hutembea, hasa siku za kwanza, na pampu isiyofunikwa kwa sifongo au wavu humsaga vipande vipande. Akihama mwache. Ukimvuta utampasua mguu.

Mlishe kipande cha kamba cha ukubwa wa kucha ya kidole, mara moja au mbili kwa wiki. Akisinyaa kwa saa kadhaa usiogope, anatoa uchafu tu. Lakini akiyeyuka na kutoa harufu ya uvundo, mtoe saa hiyo hiyo na ubadili maji mengi, kabla hajaua samaki wote.

Anaishi muda gani? Huko Edinburgh, mtu aitwaye John Dalyell alimweka anemoni wa bahari ya baridi kwenye chombo cha kioo mwaka 1828. Anemoni huyo alikufa 1887, Dalyell mwenyewe akiwa ametangulia miaka mingi. Basi kabla ya kulipa, jua ni nani atakayebadili maji ukisafiri.