Somo la Safari: Migori hadi Homa Bay, Ndege au Gari?

Kila mara barabara au uwanja wa ndege unapojadiliwa katika kikao cha ushirikishaji wa umma, maswali mawili huulizwa: ni umbali gani, na safari itachukua muda gani? Somo hili linakuonyesha jinsi ya kupata jibu wewe mwenyewe.

Hatua ya 1: Umbali wa angani
Mji wa Homa Bay uko karibu moja kwa moja kaskazini mwa mji wa Migori. Migori iko takriban digrii 1.06 kusini mwa Ikweta, Homa Bay digrii 0.53. Tofauti ni digrii 0.53. Digrii moja ya latitudo ni karibu kilomita 111, kwa hiyo 0.53 × 111 ni karibu 59. Viwanja vya Lichota, Migori, na Kabunde, Homa Bay, haviko mbali na miji hiyo. Tutumie kilomita 60.

Hatua ya 2: Muda wa angani
Ndege ndogo ya abiria kama Cessna Caravan huruka karibu kilomita 300 kwa saa, yaani 5 kwa dakika. 60 ÷ 5 = dakika 12. Ukiongeza kupaa na kutua, weka dakika 15.

Hatua ya 3: Mlango hadi mlango
Abiria haishi uwanjani. Tuchukue mfano: dakika 20 kufika Lichota, 45 za ukaguzi na kusubiri, 15 za ndege, na 25 kutoka Kabunde hadi mjini. Jumla ni dakika 105.

Barabara hupitia Awendo, Rongo na Rodi. Huzidi kilomita 70 kwa sababu hupinda mashariki hadi Rongo kisha hurudi magharibi. Tukikadiria kilomita 75 kwa mwendo wa 50 kwa saa, ni dakika 90. Gari limetangulia.

Sasa linganisha na Nairobi. Kutoka Migori, angani ni karibu kilomita 260: chini ya saa moja. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 350: kama saa 7 kwa mwendo uleule. Hapa ndege inaokoa saa kadhaa, hata ukihesabu kusubiri.

Funzo
Muda wa kusubiri haupungui safari ikiwa fupi. Kwa hiyo unaposikia kwamba mradi "utapunguza safari hadi dakika 12", uliza: kutoka mlango upi hadi mlango upi? Hesabu hiyo ndiyo inayomhusu mgonjwa, mfanyabiashara wa samaki na mlipa kodi.

Zoezi
Mvua imeharibu barabara na gari linakwenda kilomita 30 kwa saa. Nani atatangulia kufika Homa Bay?

Jibu: 75 ÷ 30 = saa 2 na nusu, yaani dakika 150. Ndege itatangulia kwa dakika 45, iwapo hali ya hewa itairuhusu kuruka.