Chembe Zenye Viini Vingi

Mwili wako umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe nyingi zina kiini kimoja, nacho ndicho kiongozacho kazi zake. Lakini ziko zenye viini vingi: uzi mmoja wa misuli huweza kuwa na mamia, maana ulifanyika kwa chembe nyingi kuungana.

Katika kifua kikuu twaona ajabu nyingine. Vijidudu viingiapo mapafuni, chembe zilindazo mwili huvimeza. Zikishindwa kuviua, baadhi yake huungana kuwa chembe moja kubwa, na viini vyake hujipanga kandokando mfano wa upinde. Theodor Langhans, Mjerumani, alizieleza chembe hizo mwaka 1868. Vijidudu vyenyewe Robert Koch alivitangaza mwaka 1882.

Chembe hizo na wenzake huvizunguka vijidudu kama boma. Je, boma hilo latosha? La, si sikuzote. Vijidudu vyaweza kukaa humo hai miaka mingi, hata mwili udhoofikapo, vikaamka.

Basi, ukikohoa majuma mawili, usingoje, nenda ukapimwe. Tena upewapo dawa, zimalize miezi yote uliyoagizwa, ijapokuwa kikohozi kimekwisha.