Somo la Mwezi: Hifadhi Isiyo na Njia

Mwezi huu twende mbali, hata kaskazini mwa Alaska, nchi ya Marekani, penye milima ya Brooks. Huko iko hifadhi iitwayo Gates of the Arctic, yaani Malango ya Aktiki, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1980. Pamoja na pori la akiba lililo pamoja nayo, ukubwa wake ni yapata kilomita za mraba 34,000, zaidi ya Serengeti mara mbili. Walakini ndani hamna barabara, wala njia ya miguu iliyochongwa.

Basi mgeni huingiaje? Wengi huletwa na ndege ndogo, itelemkayo ziwani au juu ya kokoto za mto, ikawaacha na kwenda zake. Mawingu yakishuka siku ya kurudi, ndege haiji. Kwa hiyo yampasa mgeni kuchukua chakula cha siku kadhaa zaidi, katika chombo kigumu asichoweza dubu kukifungua. Tena mto aliouvuka asubuhi kwa maji ya goti, mvua ikinyesha waweza kumfika kifuani. Hana budi kukaa angoje. Hapo wengi wetu tungeshindwa, maana kungoja ni kazi kuliko kutembea.

Lakini tusidhani ni nchi tupu. Kijiji cha Anaktuvuk Pass kimo humo, nacho ni cha Wanunamiut, wawindaji wa karibu (ni mnyama wa jamii ya kulungu, si neno letu la kumpokea mgeni). Sheria ya 1980 iliwaachia wenyeji ruhusa ya kuwinda kwa chakula chao. Mgeni akiona kundi likipita, akae mbali asiligeuze njia. Huenda yuko mtu mbele analingojea.